Athari na Muda Wake: Namna ya Kuzitawala Hali za Mwili katika Minecraft

Minecraft, mchezo wa video ulioanzishwa nchini Uswidi na Markus Persson, ukaendelezwa na kampuni ya Mojang na kutolewa rasmi tarehe 18 Novemba 2011, ni miongoni mwa michezo inayoitwa ya dunia huru, yaani michezo isiyompangia mchezaji njia moja ya kufuata, bali humwacha katika nchi pana ya misitu, mapango na bahari ili achimbe, ajenge, alime na apigane kadiri apendavyo. Katika namna ya kunusurika, mchezaji ana uhai unaoweza kupungua na njaa inayopaswa kulishwa, na juu ya hayo mawili huja jambo la tatu ambalo wengi hulijua kijuujuu tu, nalo ni athari. Athari, kwa maana inayotumika hapa, ni hali ya muda inayoushika mwili wa mchezaji au wa kiumbe kingine na kuubadilisha utendaji wake: sumu hula uhai, wepesi huongeza mwendo, kinga ya moto huufanya mwili usiungue, na uchovu wa uchimbaji huifanya mikono iwe mizito hata jiwe moja liwe kazi ya dakika nzima.

Kila athari ina mambo matatu ambayo hayana budi kujulikana: aina yake, kiwango chake kinachoandikwa kwa tarakimu za Kirumi, na muda wake unaohesabiwa kwa dakika na sekunde. Wachezaji huikariri aina na kuvutiwa na kiwango, lakini muda huachwa ujiendee wenyewe, ilhali ndiko mauti yaliko. Anayeumwa na buibui mwenye sumu huona mioyo yake ikibadilika rangi na papo hapo hutafuta namna ya kujiokoa, kwa kuwa dalili ni ya wazi. Anayeogelea ndani ya lava kwa kutegemea dawa ya kinga ya moto haoni lolote la kumtisha mpaka sekunde ile kinga inapomtoka. Kwa hiyo hatari iliyo kubwa zaidi katika mchezo huu si ubaya unaoingia mwilini, bali ni wema unaotoka bila kuaga, na ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya hoja hiyo.

Tarakimu zitakazotajwa ni za toleo la Java linalochezwa kwenye kompyuta, tena kwa ugumu wa kawaida pale ambapo ugumu mwingine haukutajwa. Toleo la Bedrock, ambalo ndilo lililomo katika simu na mashine nyingi za michezo, hufuata kanuni zilezile kwa jumla, ingawa hutofautiana katika baadhi ya vipimo.

Msingi wa hesabu zote ni uhai na shibe. Mchezaji ana alama 20 za uhai zinazoonyeshwa kwa mioyo 10, kila moyo ukiwa na alama mbili, na ana alama 20 za chakula zinazoonyeshwa kwa mapaja 10 ya nyama. Nyuma ya mapaja hayo kuna kipimo kisichoonekana kwenye skrini, ambacho kinaweza kuitwa shibe fiche, nacho hutumika kwanza kabla ya mapaja yenyewe kuanza kupungua. Chakula kikiwa kimejaa na shibe fiche ingalipo, mwili hujiponya kwa kasi ya alama moja ya uhai katika kila nusu sekunde. Shibe fiche ikiisha, lakini chakula kikawa hakijashuka chini ya alama 18, kasi hiyo huanguka hadi alama moja katika kila sekunde 4. Vyakula navyo havilingani katika jambo hili, kwa maana nyama ya ng'ombe iliyochomwa huleta shibe fiche ya 12.8 na karoti ya dhahabu huleta 14.4, ilhali biskuti hushibisha kwa jina tu. Mwenye kutaka kuzitawala athari na aanze na chakula, kwa sababu mwili ulioshiba vizuri huzilipa athari nyingi ndogo bila ya mchezaji kuhitaji dawa yoyote.

Sumu ndiyo inayoonyesha ukweli huo kwa uwazi zaidi. Sumu ya kiwango cha I huondoa alama moja ya uhai katika kila sekunde 1.25, na mioyo hugeuka rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Buibui wa pangoni, anayepatikana katika machimbo ya kale yaliyoachwa chini ya ardhi, humtia mchezaji sumu ya sekunde 7, yaani alama 5 hivi za uhai ukiacha maumivu ya kung'atwa kwenyewe; katika ugumu wa juu sumu hiyo huwa ya sekunde 15 na gharama yake hufika alama 12, na katika ugumu wa chini haipo kabisa. Mchezaji aliyeshiba anajiponya kwa haraka kuliko sumu hiyo inavyomla, angalau mpaka shibe fiche imwishie, ilhali mwenye njaa huipokea gharama yote kama ilivyo. Sumu ina mpaka mmoja wa ajabu: haiui. Humshusha mtu hadi nusu ya moyo, kisha husimama hapo. Wapo wanaolichukulia jambo hilo kuwa faraja, nao wanakosea, kwa sababu mtu mwenye nusu ya moyo huuawa na chochote, iwe mshale mmoja, kuanguka kutoka kwenye kijiwe kirefu kidogo, au ng'ato la pili la buibui yuleyule. Buibui hao hutoka kwenye kizimba kinachowazalisha mfululizo, tena hupenya katika upenyo wa nusu tofali, na kila ng'ato jipya huanzisha upya muda wa sumu. Basi njia ya busara ni kuziba mapito, kukisogelea kizimba hatua kwa hatua na kukitia mwanga au kukivunja, badala ya kubaki hapo ukipambana na watoto wake.

Mnyauko, unaoletwa na viunzi vyeusi vya ngome za Nether, yaani ulimwengu wa moto na lava uliomo katika mchezo huu, na jitu lenye vichwa vitatu liitwalo Wither, huonekana kama ndugu wa sumu lakini una sheria tofauti. Mioyo hugeuka myeusi, alama moja hutoka katika kila sekunde 2 kwa kiwango cha I, na athari hii haina mpaka: huua. Kunyang'anywa rangi kwa mioyo ni adha ya pili, kwa kuwa mchezaji aliye katikati ya mapigano hushindwa kutambua mara moja amebakiwa na uhai kiasi gani. Upanga wa kiunzi cheusi huacha mnyauko wa sekunde 10, ambao ni alama 5. Jitu la Wither huacha mnyauko wa kiwango cha II wa sekunde 10 katika ugumu wa kawaida, na wa sekunde 40 katika ugumu wa juu. Kwa kuwa kiwango cha II huondoa alama moja katika kila sekunde, mwenye alama 20 hawezi kuzivumilia sekunde hizo 40 bila ya kitu cha kuukatiza.

Kitu hicho ni maziwa. Ndoo moja ya maziwa ya ng'ombe au mbuzi huondoa athari zote mwilini kwa pamoja, na unywaji wake huchukua sekunde 1.6, ambazo ndani yake mchezaji hutembea polepole na hawezi kupiga. Neno la kuzingatia ni hilo la athari zote, kwa sababu maziwa hayabagui: huondoa mnyauko, na pamoja nao huondoa nguvu, uponyaji na kinga ya moto alizokuwa nazo mnywaji. Mchezaji anayevuka ziwa la lava akiwa na kinga ya moto, akapigwa na kiunzi cheusi na kunywa maziwa pale pale kwa pupa, amejiua kwa dawa. Sharti atoke kwanza juu ya lava, au auache mnyauko wa sekunde 10 umalizike wenyewe, kwani alama 5 za uhai ni bei nafuu kuliko kifo. Aidha ndoo za maziwa hazibebani, kila moja huchukua nafasi yake katika mkoba, na huko Nether hakuna ng'ombe wa kukamuliwa; hivyo mbili zatosha safari ya kawaida, na zinajazwa kabla ya kuondoka.

Kwa sumu peke yake ipo dawa bora kuliko maziwa, nayo ni chupa ya asali. Asali huondoa sumu na kuziacha athari nyingine zote zilivyo, hulisha alama 6 za chakula, na chupa zake hubebana hadi 16 katika nafasi moja. Hupatikana kwa kuukinga mzinga uliojaa kwa chupa tupu, huku moto wa kambi ukiwa umewashwa chini yake ili moshi uwatulize nyuki, ambao bila hivyo hushambulia na kuuma kwa sumu ileile mtu aliyoiendea dawa. Anayeingia katika machimbo ya kale akiwa amebeba asali badala ya maziwa amejipatia tiba na chakula kwa pamoja, na ni ajabu kwamba wachezaji wengi wenye mizinga hawaifikirii isipokuwa kama sukari.

Hali ya njaa nayo huogopwa kupita kiasi, na hesabu yake inastahili kufanywa mara moja ili iishe. Nyama iliyooza, ambayo zombi huiacha kwa wingi, ina uwezekano wa asilimia 80 wa kumtia mlaji athari ya njaa ya sekunde 30. Athari hiyo kwa kiwango cha I huchosha mwili kwa kiasi kisichofikia hata alama moja kamili ya chakula katika sekunde zote 30, ilhali nyama yenyewe huleta alama 4. Zaidi ya hayo, athari za aina moja hazijumlishwi: anayekula vipande vinne mfululizo hapati njaa ya dakika mbili, bali muda huanza upya kutoka 30 kila anapokula, hivyo ulaji wa pamoja humgharimu karibu sawa na ulaji wa kipande kimoja. Nyama iliyooza ni chakula halali cha siku ya dhiki. Bunju, kwa upande mwingine, si wa kuliwa kwa hali yoyote, kwani mchezo huu umemtendea haki samaki huyo anayeogopwa na wavuvi: humtia mlaji njaa ya kiwango cha III, kizunguzungu, na sumu ya dakika nzima. Manufaa yake yamo katika jiko la dawa, ambako huzaa dawa ya kupumua chini ya maji.

Kanuni hiyo ya kutojumlishwa inagusa athari zote, mbaya na njema. Kiwango kikubwa hukifunika kidogo. Viwango vikiwa sawa, muda mrefu huushinda mfupi. Mchezaji anayekunywa chupa mbili za wepesi kwa wakati mmoja akidhani atapata dakika sita amemwaga chupa moja bure. Chupa ya pili inywewe pale ya kwanza inapokaribia kwisha, na hapo ndipo umuhimu wa kusoma alama za skrini unapoonekana. Kwenye pembe ya juu upande wa kulia hukaa vijipicha vya athari, zile njema zikiwa mstari wa juu na zile mbaya mstari wa chini. Kijipicha huanza kupepesa athari inapokaribia kuisha, na maelezo kamili ya muda uliobaki husomwa kwa kufungua mkoba. Tabia ya kuufungua mkoba na kutazama sekunde kabla ya kila jambo la hatari, kama vile kabla ya kuruka, kabla ya kuzama na kabla ya kukanyaga ukingo wa lava, ni tabia ndogo ambayo haigharimu kitu.

Utengenezaji wa dawa unaanzia Nether, kwa kuwa jiko la dawa huundwa kwa mawe matatu na fimbo ya kiumbe wa moto aitwaye Blaze, na unga wa fimbo hiyohiyo ndio kuni zake, kipimo kimoja kikitosha mapishi 20. Chupa tatu za maji hupikwa pamoja kwa sekunde 20, kwanza na mmea mwekundu wa Nether ili upatikane msingi wa dawa usio na kazi yoyote, kisha na kiungo kinachoamua aina: krimu ya magma kwa kinga ya moto, sukari kwa wepesi, karoti ya dhahabu kwa kuona usiku, chozi la Ghast kwa uponyaji wa polepole, kipande cha tikitimaji kilichopakwa dhahabu kwa uponyaji wa papo hapo, na utando wa Phantom kwa kushuka taratibu. Jicho la buibui lililochachushwa, ambalo ni jicho la kawaida lililochanganywa na sukari na uyoga wa kahawia, huigeuza dawa kuwa kinyume chake au jamaa yake: wepesi huwa uzito, uponyaji huwa madhara, na kuona usiku huwa kutoonekana. Kuhusu kutoonekana, ni vema kusema hapa kwamba hufunika mwili peke yake. Mavazi ya chuma na upanga ulioshikwa huendelea kuonekana vikielea hewani, na anayeitumia dawa hiyo akiwa amevaa deraya kamili amepoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Baada ya aina huja uamuzi ambao ndio kiini cha kazi yote. Unga wa redstone huurefusha muda wa dawa, unga wa glowstone hukipandisha kiwango chake na kuufupisha muda, na viwili hivyo haviwezi kutiwa katika chupa moja. Vijana, kwa kupenda tarakimu kubwa, huchagua glowstone karibu kila mara. Dawa ya uponyaji wa polepole inatosha kuonyesha udhaifu wa chaguo hilo. Chupa ya kawaida hudumu sekunde 45 na kuponya alama moja katika kila sekunde 2.5, jumla alama 18. Chupa iliyotiwa glowstone hudumu sekunde 22 na ushei na kuponya alama moja katika kila sekunde 1.25, jumla yake ikiwa ileile, alama 18, ila kwa nusu ya muda. Chupa iliyotiwa redstone hudumu sekunde 90, nayo huponya alama 36. Kiwango cha II hakikuongeza uponyaji hata kidogo. Kiliuharakisha tu, na haraka hiyo ina thamani katika pigano kali la muda mfupi, lakini haina thamani yoyote katika safari. Vivyo hivyo dawa ya nguvu ya kiwango cha II hudumu dakika moja na nusu, ilhali iliyorefushwa hudumu dakika 8. Kwa jumla, dawa ya kusafiria na ya kufanyia kazi itiwe redstone, glowstone iachiwe pigano ambalo mchezaji mwenyewe ndiye anayechagua dakika ya kulianza, na kwa kinga ya moto, kupumua majini, kuona usiku na kutoonekana hakuna cha kufikiri, maana dawa hizo hazina kiwango cha II hata kidogo na redstone huzitoa dakika 3 na kuzifikisha 8.

Kinga ya moto ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa ukaribu zaidi, kwa sababu ndiyo inayoaminiwa kuliko zote. Lava huondoa alama 4 za uhai katika kila nusu sekunde, kiasi kwamba asiyevaa deraya humalizika kwa sekunde mbili na nusu hivi, na vitu vyake vingi huungua pamoja naye hata asiwe na cha kurudia. Mwenye kinga huogelea ndani yake bila ya kupoteza alama hata moja, akaziendea ngome au akachimba vifusi vya kale vya netherite kwa utulivu. Utulivu huo ndio unaoficha mtego, kwa kuwa katika lava mwendo ni wa taabu na macho hayaoni mbali, hivyo sekunde 20 zinazoonekana nyingi nchi kavu hazitoshi kufika ukingoni. Mchezaji makini huigawa dawa yake mafungu: kati ya dakika 8, tatu ni za kwenda, tatu ni za kurudi, na mbili zilizobaki haziguswi isipokuwa kwa dharura. Chupa ya akiba hukaa katika vile visanduku tisa vya chini ya skrini vinavyofikiwa kwa kitufe kimoja, kamwe si ndani ya mkoba, kwa sababu unywaji nao huchukua sekunde 1.6 na sekunde hizo zikianza baada ya kinga kuisha zimechelewa. Asiye na jiko la dawa hana sababu ya kukata tamaa: Piglin, wenyeji wa Nether wanaopenda dhahabu, hubadilishana vipande vya dhahabu kwa vitu mbalimbali, na dawa ya kinga ya moto ni mojawapo, mradi mteja awe amevaa walau vazi moja la dhahabu ili wasimshambulie.

Zipo athari zinazotokana na mahali, nazo hazishindwi kwa dawa bali kwa kumwondoa anayezileta. Jumba la chini ya bahari hulindwa na samaki watatu wakubwa wenye jicho moja, kila mmoja akiitwa Elder Guardian, ambao kila dakika humtia mchezaji aliye ndani ya umbali wa matofali 50 uchovu wa uchimbaji wa kiwango cha III unaodumu dakika 5. Kasi ya kuchimba hushuka hata isifikie asilimia 1 ya kawaida. Maziwa huondoa uchovu huo, lakini kabla dakika haijaisha samaki huurudisha, na anayekwenda pale na ndoo kumi ili achimbe kwa amani amebeba mzigo wa bure. Kazi ya kwanza ni kuwaua hao watatu kwa msaada wa dawa ya kupumua majini, na uchimbaji hufuata. Katika miji ya ulimwengu wa End, kiumbe wa kombe aitwaye Shulker hurusha risasi inayompandisha mtu hewani kwa sekunde 10, takriban matofali 9 kwenda juu. Hapo tena madhara hayamo katika athari bali katika mwisho wake, kwa kuwa anayeanguka kutoka matofali 9 hupoteza alama 6, na kama alipandishwa pembezoni mwa mnara huanguka kwenye utupu usio na chini. Kukaa chini ya paa wakati wa kupigana na Shulker, ili kichwa kigote kwenye dari, huimaliza hatari hiyo bila gharama. Dawa ya kushuka taratibu huimaliza kwa wale walio nje.

Mchawi wa kike anayeishi katika vinamasi ni somo zuri la jinsi adui anavyozitumia athari kwa mpangilio, na anayeufahamu mpangilio huo hamwogopi tena. Adui yake akiwa mbali, matofali 8 au zaidi, kwanza humrushia dawa ya uzito ili asikaribie wala kukimbia. Akiwa bado na uhai wa alama 8 au zaidi, humrushia sumu. Aliyekaribia sana anaweza kurushiwa unyonge, unaopunguza nguvu ya upanga, na mwisho huja dawa ya madhara ya papo hapo, ambayo huua. Yaani sumu, isiyoua, humshusha mtu, na madhara humalizia. Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba kurudi nyuma polepole huku ukinywa dawa ndilo kosa analolitaka mchawi. Mshale wa mbali kabla hajakuona, au kumkimbilia na kumpiga mfululizo, hufanya kazi zaidi. Dawa za kumdhuru hazifai, kwa sababu mwili wake hupunguza asilimia 85 ya madhara ya namna hiyo.

Viumbe wafu, kama vile zombi, viunzi na Phantom, huzipokea athari kinyume: dawa ya uponyaji wa papo hapo huwaumiza, dawa ya madhara huwaponya, na sumu na uponyaji wa polepole haviwagusi. Chupa ya uponyaji iliyotiwa baruti ili iweze kurushwa, ikipasuka katikati ya kundi la zombi lililomzunguka mchezaji, humponya yeye na kuwaunguza wao kwa tendo moja, nalo ni tendo zuri mno lisiloonekana mara nyingi. Dawa ya unyonge nayo, ambayo peke yake haihitaji mmea mwekundu wa Nether, ikirushwa kwa mwanakijiji aliyegeuka zombi na kufuatiwa na tufaha la dhahabu, humrudishia ubinadamu wake baada ya dakika chache, na mwanakijiji huyo humuuzia mwokozi wake kwa bei ya chini.

Tangu toleo la 1.21 la Juni 2024, athari ya ishara mbaya, ambayo huleta uvamizi kijijini, haipatikani tena kwa kumuua nahodha wa wavamizi bali kwa kunywa chupa maalumu anayoiacha, na anayeingia kijijini akiwa na athari hiyo hupewa sekunde 30 kabla uvamizi haujaanza. Sekunde hizo ni za kufunga milango na kuwasha taa, au za kunywa maziwa na kughairi. Aliyeshinda hupata heshima ya shujaa wa kijiji, ambayo nayo ni athari yenye muda wake, na biashara zote kubwa zifanywe kabla haijaisha.

Lililobaki ni totemu, sanamu ndogo ya dhahabu inayoachwa na kiumbe aitwaye Evoker. Mwenye kuishika anapopata pigo la kumuua, totemu hufuta athari zote alizokuwa nazo, humwachia alama moja ya uhai, kisha humpa uponyaji wa kiwango cha II kwa sekunde 45, kinga ya moto kwa sekunde 40, na mioyo ya ziada ya manjano kwa sekunde 5. Sekunde hizo 5 ni za kukimbia, si za kulipiza kisasi, maana baada yake mchezaji ana uhai mdogo na adui yuleyule mbele yake. Katika namna ya kucheza isiyoruhusu kufufuka, ambapo kifo kimoja huifunga dunia iliyojengwa kwa miezi, totemu ishikwe katika mkono wa kushoto tangu mchezaji anapotoka mlangoni, kwa kuwa iliyomo ndani ya mkoba haimwokoi mtu, na hata iliyomo mkononi haimwokoi anayeangukia kwenye utupu.